Ngata ya Feruzi: kisa cha binti aliyerudi Lugalo

Rehema anafungua mlango wa chumba chao cha kupanga, Kihesa, usiku wa manane. Ametoka mbali, nywele zimejaa vumbi la mwaka 1891, na moyoni ana jambo moja tu: amwamshe Vumilia, amsimulie yote mpaka kuche. Anawasha taa. Kitanda ni kimoja. Kile cha dirishani hakipo, na sakafu ya saruji haina hata alama ya miguu yake. Kwenye kopo kuna mswaki mmoja. Ndoo moja, sahani moja, kijiko kimoja. Anakwenda kugonga kwa mwenye nyumba. "Mama, samahani kwa usiku huu. Vumilia amehama lini?" Mama mwenye nyumba anajifunga kanga vizuri, anamtazama, kisha anamgusa paji la uso kama mtu anayepima homa. "Vumilia yupi, mwanangu? Wewe si umekaa peke yako tangu uhamie?"

Hapo ni ukurasa wa 143 wa muswada wa binti mmoja niliyemfundisha Kiswahili sekondari hapa Iringa. Sasa ni mmoja wa watunzi tunaokutana kila Jumamosi kibarazani kwangu, Gangilonga. Nimeusoma mara nne. Nataka kukichambua kisa chake chote, maana nilikiona kikizaliwa mara mbili, na mara ya kwanza kilizaliwa vibaya. Vijana wengi wanaonijia siku hizi wanaandika hadithi za mapenzi za kurudi zamani, na karibu zote zinavunjikia mahali pale pale: mhusika anabadilisha jambo kubwa kuliko yeye, halafu maisha yanaendelea kama vile hakugusa kitu.

Rasimu ya kwanza ilikuwa hivyo. Rehema, mwanafunzi wa chuo, alipenya katikati ya mawe ya Gangilonga jioni moja mwaka 2019 na kutokea Uhehe ya mwaka 1898. Akampenda kijana mlinzi wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kwa kuwa alisoma historia, alijua kitakachotokea Mlambalasi tarehe 19 Julai: Mtwa, baada ya miaka minne ya kupigana msituni, anazingirwa na Wajerumani ambao wameweka zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake, naye anajipiga risasi kabla hawajamfikia. Rehema akawahi. Akamtorosha Mtwa kwa njia ya siri, yeye na mpenzi wake, na Uhehe ikabaki huru. Harusi ikafanyika. Ngoma zikapigwa kurasa sita.

Nilimwambia binti, "Mwanangu, hebu tuhesabu umefuta nini." Tukahesabu. Kama Mtwa hakufa pale, kichwa chake hakikukatwa na kupelekwa Ujerumani. Kama hakikupelekwa, basi mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 hauna kifungu cha 246, kile kinachoitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza. Hakuna Gavana Twining wa Tanganyika kwenda Bremen, Ujerumani, kulitafuta. Hakuna siku ile ya Juni 1954 ambapo Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mtwa, alilipokea mbele ya watu wake, miaka michache kabla hajawa Spika wa Bunge la nchi huru. Makumbusho ya Kalenga, palipokuwa ngome ya Mtwa, hayana cha kuweka kwenye lile sanduku la kioo. Na mji huu wenyewe wa Iringa, ambao Wajerumani waliuanzisha kama kituo cha jeshi baada ya kuibomoa Kalenga, usingekuwa hapa ulipo. Lakini katika rasimu ile Rehema alirudi nyumbani, akakuta bodaboda wale wale pale Miyomboni, mama muuza mihogo yule yule, chumba kile kile. Alikuwa ameng'oa mti mzima, na majani hayajanyauka hata moja.

Hilo lilikuwa kosa la ufundi. La pili lilikuwa zito zaidi, na sikuliona mimi. Tulikwenda Kalenga Jumapili moja, kilomita kama kumi na tano tu kutoka mjini, kumsomea mzee mmoja wa pale ambaye baba yake alimsimulia mengi. Binti akapiga magoti, "Shikamoo babu." Mzee akaitikia, akaongeza "kamwene," salamu ya Kihehe, tukaingia. Akasikiliza sura nzima ya Mlambalasi, amefumba macho, mikono juu ya fimbo. Binti alipomaliza, mzee alikaa kimya muda mrefu kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa:

"Mjukuu wangu, Mtwa alijiua ili asishikwe. Sasa wewe umemshika."

Kwenye daladala ya kurudi mjini binti hakusema neno. Nilidhani ameumia. Kumbe alikuwa anafanya kazi. Tulipokaribia stendi akaniuliza, "Mwalimu, Lugalo walikufa akina nani?"

Nikamjibu kama nilivyofundisha darasani miaka yote. Tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo kwa ukali wake, aliingia Uhehe na msafara wa kijeshi. Wahehe wakamvizia Lugalo, na katika dakika chache tu yeye na maofisa wenzake wengi wakawa wamekufa, pamoja na askari weusi zaidi ya 200.

"Na wabeba mizigo?"

Msafara ule ulikuwa na wapagazi karibu 170. Idadi naijua. Jina la hata mmoja wao silijui, na sikuwahi kulitaja darasani, kwa sababu sikuwahi kulikuta mahali popote. Tulishuka stendi bila mimi kupata jibu.

Rasimu ya pili ilianzia kwenye swali hilo. Mlinzi wa Mtwa akaondoka, akaja Feruzi, mpagazi kutoka pwani, kijana aliyejiandikisha kubeba mzigo wa frasila mbili hivi kwa malipo na posho. (Neno posho tunalotamka leo kila tukienda semina, wabeba mizigo wa misafara ndio waliolizoea zamani zile: chakula cha siku.) Safari hii Gangilonga inamtoa Rehema mwezi Julai 1891, njiani, nyuma ya msafara wa Zelewski, katikati ya wanawake wanaowafuata askari wakipika na kutwanga. Anatembea nao wiki tatu. Huko ndiko anakompenda Feruzi.

Niseme wazi kwamba hapa ndipo binti alipoanza kunifundisha mimi. Angalia alivyomweka Rehema. Yeye ni Mhehe. Anajua msafara huu unakwenda kuwaunguzia vijiji babu zake, na anajua kwamba babu zake watashinda. Ushindi ule ni fahari aliyonyonya na maziwa. Kambi ya jeshi Dar es Salaam inaitwa Lugalo kwa sababu ya siku hiyo. Na mtu anayempenda yuko upande unaokwenda kufa, tena hata si adui: amebeba sanduku la watu wengine. Akiuonya msafara, amewasaliti ndugu zake. Akinyamaza, Feruzi anachomwa mkuki. Katika rasimu ya kwanza mapenzi na historia vilikuwa vinakwenda njia moja, kwa hiyo hakukuwa na hadithi. Sasa vinavutana, na kamba iko shingoni mwa mtu mmoja.

Kazi kubwa tuliyoifanya pamoja kwenye sura hizi ilikuwa ya lugha. Nilipokea sura ya tano Feruzi akimwambia Rehema, "Sina hela, lakini nina nguvu." Sentensi nzuri, ila mwaka 1891 hapakuwa na hela. Hela imetokana na sarafu ya Kijerumani iliyoanza kutumika hapa mwaka 1904. Feruzi angesema pesa, au rupia. Vivyo hivyo shule: neno lenyewe ni la Wajerumani, na wakati ule wangesema chuo, wakimaanisha cha Kurani. Binti hakukasirika. Alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria: aliacha Rehema akosee, na kila kosa akalitumia. Rehema anasema "nasoma shule," Feruzi anadhani ni jina la mto.

La "bibi" ndilo nililolipenda kupita yote. Feruzi, kwa adabu ya pwani ya zama zile, anamwita Rehema "bibi," yaani mwanamke wa heshima. Rehema ana miaka 22, na kwake bibi ni mama yake mzazi wa baba, mwenye meno matatu. Siku nne nzima anadhani kijana huyu anamdhihaki. Siku ya tano anamuuliza kwa hasira, "Kwani mimi nimezeeka?" Feruzi anaweka mzigo chini, anashangaa kweli, anasema, "Bibi, mimi nakuheshimu tu." Mapenzi yao yanaanzia hapo, kwenye neno moja ambalo kila mmoja analisikia na sikio la zama zake.

Na "shikamoo." Rehema amelelewa vizuri, anamwona mnyapara wa wapagazi, mtu mzima, anampa shikamoo. Wanawake wote wanageuka. Usiku Feruzi anamjia taratibu: "Wewe ni mtumwa wa nani?" Kwa maana wakati ule salamu hiyo ilibeba uzito wa mtu wa chini mbele ya bwana wake: nashika miguu yako. Rehema analala akitazama nyota, anawaza amemwamkia hivyo kila mkubwa tangu ana miaka mitatu. Ni nusu ukurasa tu, lakini unabeba mambo ambayo mimi ningehitaji mhadhara.

Sasa asubuhi ya Agosti 17.

Kwanza nilimrekebisha hali ya hewa. Alikuwa ameandika matope na mvua. Agosti kwetu ni kiangazi, kuna baridi kavu na upepo, nyasi ni za rangi ya simba na zinakatika ukizigusa. Mvua mpaka Novemba. Akabadilisha, na ukavu ule ukawa msaada mkubwa, kwa sababu ya ngata.

Mpagazi anayebeba kichwani hawezi kwenda bila ngata. Mzigo wa zaidi ya kilo 30 ukikaa juu ya fuvu tupu, hufiki mbali. Binti ameieleza ngata ya Feruzi kwa karibu sana: ni kipande cha kaniki kilichosokotwa, kimezungushwa mara tatu, kimeshonewa kwa ukambaa wa mkindu aliotoka nao kwao. Imebonyea upande mmoja kwa sababu kichwa chake kina kovu upande huo. Ina harufu ya jasho na moshi. Kila asubuhi anaipiga gotini mara mbili kabla hajaiweka kichwani. Mara mbili, siku zote. Ukisoma wiki tatu za safari unaisikia ile pa-pa mpaka unaizoea, kama unavyozoea mtu wa nyumbani anavyofunga mlango.

Alfajiri ile Rehema anaiiba ngata na kuificha ndani ya kanga yake, tumboni.

Hicho tu. Haonyi mtu. Hapigi kelele. Hagusi vita. Feruzi anatafuta, anatukana kidogo, mnyapara anamfokea, safu inaanza kwenda. Anakaa chini kusokota ngata ya nyasi, lakini nyasi ni kavu, zinakatika vidoleni. Anaanza upya. Wenzake wanampita mmoja mmoja na masanduku yao. Anapomaliza, yuko mkiani kabisa mwa msafara.

Na hapa binti ameitumia simulizi moja ya Lugalo ambayo wengi tumeisikia. Wahehe walikuwa wamejificha kwenye vichaka na miamba, wamekubaliana mlio wa bunduki uwe ishara, wakisubiri msafara wote uingie mtegoni. Afisa mmoja wa Kijerumani akamwona ndege, akamfyatulia risasi. Vijana wakadhani ndiyo ishara, wakaruka na mikuki yao. Askari hawakupata hata nafasi ya kujipanga. Sehemu ya nyuma ya msafara ilikuwa haijafika, na hao ndio waliopona.

Kwa hiyo kati ya kifo na uzima wa Feruzi kuna ndege mmoja na ngata moja. Ndege hakuwekwa na mtunzi; alikuwepo kwenye simulizi tangu zamani. Mtunzi ameongeza ngata tu, akaiingiza kwenye ufa uliokuwepo tayari. Ukiniuliza ufundi wa hadithi hizi uko wapi, nitakuonyesha hapo: zamani zina nyufa zake, na mtu mwenye mapenzi anapenya kwenye ufa, habomoi ukuta. Rehema hataki kubadilisha historia. Anataka mtu mmoja achelewe.

Sura zinazofuata nitazipita haraka, kwa kuwa ndizo dhaifu. Wawili wanakimbilia Kalenga. Rehema anaongea Kihehe, anasema huyu ni mume wake aliyetekwa na msafara, wanakubaliwa. Wanaishi hapo masika moja, kuna ulanzi mwingi mno na mbalamwezi nyingi mno, na kuna mjomba mwenye wivu ambaye sijaelewa kaja kufanya nini. Nimemshauri amtoe. Kilicho cha maana ni jambo dogo: kazi ya Feruzi ni kuchota maji. Kila siku anapita upenyo mdogo wa ukuta unaoelekea Mto Ruaha Mdogo, mahali ambapo wanawake na watoto wanateremka na vibuyu. Anaujua upenyo ule kwa nyayo. Mvua zinapokwisha anaamua kurudi pwani kutafuta mahari, maana hataki kuishi na binti wa watu bila kumtolea kitu. Rehema anamkatalia, yeye anashikilia. Wanaagana. Baada ya muda Gangilonga inamrudisha Rehema mwaka 2019, na ndipo anafungua mlango wa Kihesa.

Nilipofika hapo mara ya kwanza niliweka muswada chini nikatoka nje kidogo. Halafu nikarudi sura ya kwanza, maana nilikumbuka kitu. Sura ya kwanza Vumilia anasuka nywele za Rehema na kumsimulia habari ya kwao: bibi wa bibi yake alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi Kalenga ilipopigwa. Siku hiyo alikuwa ameteremka mtoni. Mizinga ilipoanza kulia alimfunga mdogo wake mgongoni akavuka maji, akaenda zake. Vumilia anasimulia huku anavuta uzi, Rehema analalamika anaumizwa, wanacheka. Unaisoma kama porojo za wasichana.

Oktoba 30, 1894, Gavana von Schele aliishambulia na kuiteka Kalenga. Mizinga midogo ya zama zile ilifunguliwa ikabebwa vipande vipande, na wabebaji walikuwa ni wapagazi. Katika muswada, Feruzi ameshikwa tena huko pwani na kulazimishwa kubeba. Mtu mmoja anamtaja kwamba amewahi kuishi ndani ya ngome. Anaulizwa maswali. Anakaa kimya. Anachapwa hamsa ishirini, viboko 25, na hapo kalamu ya binti imejizuia vizuri: haonyeshi damu, anaonyesha Feruzi akihesabu, na akipoteza hesabu kwenye kumi na saba. Baada ya hapo anasema palipo na upenyo wa maji.

Kibarazani tulibishana sana hapa. Mimi mwenyewe nilipinga. Nikasema, "Mwanangu, Kalenga ilianguka. Ingeanguka tu, Feruzi awepo asiwepo. Mzinga ungebebwa na mtu mwingine. Sasa umebadilisha nini?"

Akanijibu bila kuinua sauti. "Ndiyo hivyo, Mwalimu. Kalenga imeanguka tarehe ile ile. Kitabu ulichotufundishia hakijabadilika hata nukta. Ila kombora moja limeelekezwa upande wa mto."

Hakuna aliyeongeza neno kwa muda. Huo ndio moyo wa kisa, na mimi naamini ndiyo sababu hadithi hii inasimama mahali ambapo nyingine zinaanguka. Tumezoea kudhani kwamba ukigusa zamani, kitakachobadilika ni bendera, mipaka, majina ya wafalme. Binti huyu amesema hapana. Tarehe zimebaki, Zelewski amekufa, Mtwa amekwenda Mlambalasi, fuvu limekwenda na limerudi. Makumbusho ya Kalenga yapo na tiketi inakatwa. Kilichopungua ni kitanda kimoja Kihesa. Na anayejua kwamba kimepungua ni mtu mmoja tu duniani, naye hana hata picha, kwa sababu picha zote walizopiga pamoja sasa yuko peke yake, amesimama upande kidogo, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.

Ile picha ndiyo sehemu nyingine ambayo siwezi kuiacha bila kuitaja. Ilipigwa Isimila, kwenye zile nguzo za udongo. Zamani walikuwa wawili, wamekumbatiana. Sasa Rehema yuko peke yake, na mkono wake wa kushoto uko juu, umepinda, umeshika hewa.

Kijana mmoja wa kikao chetu aliuliza swali ambalo msomaji yeyote ataliuliza: kwa nini Rehema asirudi mwaka 1894 amwambie yule mtoto asiende mtoni? Au arudi masika ile amzuie Feruzi kuondoka? Ni swali la haki, na hadithi za aina hii hufa kwa kutolijibu. Jibu la binti liko kwenye masharti ya jiwe, ambayo tulikubaliana yaandikwe mapema, si mwishoni mtu akishabanwa. Gangilonga inamrudisha mtu pale pale alipoiba kitu, na inamwacha hapo mpaka kitu hicho kipate mwenyewe au saa yake ipite. Rehema aliiba ngata. Kwa hiyo mlango ulio wazi kwake ni mmoja, Lugalo, alfajiri ya Agosti 17, na saa yake inakwisha ndege akipigwa risasi. Hakuna mto, hakuna 1894. Kuna yeye na Feruzi na ngata, na dakika chache.

Nilimuuliza pia kwa nini asimwambie ukweli Feruzi, amwachie yeye achague. Akasema alijaribu kuiandika hivyo mara mbili, na mara zote mbili Feruzi alikubali kufa, na mara zote mbili yeye mwandishi aliona aibu. "Ni kama namtuma akafe halafu anishukuru." Nilimwelewa. Mpagazi ameamriwa na kila mtu maisha yake yote, na sasa hata mpenzi wake ampe amri ya mwisho na kuivika vazi la hiari? Heri Rehema aubebe mwenyewe.

Mahali pamoja bado hatujakubaliana. Mimi nilitaka sura moja fupi baada ya mwisho, Rehema yuko Kihesa, mlango unafunguliwa, Vumilia anaingia na ndoo ya maji, analalamika foleni ya bombani. Nilitaka nimwone Vumilia. Nimesoma kurasa 70 bila yeye na nimemmisi kama mtoto wangu. Binti amekataa. Anasema msomaji akimwona Vumilia atafurahi, na akifurahi atamsahau Feruzi, na Feruzi ameshasahauliwa vya kutosha. Wiki iliyopita alikwenda peke yake Lugalo, kule kwenye mnara ambao Wajerumani waliujenga kuwakumbuka watu wao, kandokando ya barabara kuu kabla hujafika Ilula. Akakaa pale mpaka basi la jioni. Aliporudi alinipa karatasi tatu za mwisho, ameziandika kwa mkono.

Rehema ametokea kwenye nyasi kavu. Kuna baridi. Moto wa kambi umebaki majivu. Feruzi yuko pale, amempa mgongo, anapekua mizigo, anatukana kidogo, kama alfajiri ile ya kwanza. Mnyapara anafoka. Safu imeanza kwenda. Rehema ameshika ngata kwa mikono miwili tumboni, chini ya kanga, ina joto la mwili wake. Anaitazama shingo ya Feruzi, kovu lake, masikio yake. Anasikia ndege mahali fulani kwenye kichaka.

"Feruzi."

Anageuka. "Naam, bibi?"

Anamnyoshea. Yeye anaona ngata, anacheka kwa sauti, meno yote nje. "Kumbe unayo wewe!" Anaichukua. Anaipiga gotini, pa, pa. Anainama kidogo ili amvike yeye mwenyewe, maana hilo hawajawahi kulifanya. Rehema anamvika, anaigeuza taratibu mpaka ile sehemu iliyobonyea inakaa juu ya kovu, kisha anamsaidia kuinua sanduku.